Kisasi cha Mama Povu

Mtaa mzima ulimwita Mama Povu, na mwenyewe aliitikia. Kazi yake ilikuwa kukoroga sabuni ya maji. Uani kwake, chini ya bati lililotoboka, yalisimama mapipa matatu ya plastiki: la kwanza la kulowekea magadi, la pili la kukorogea, la tatu la kupumzishia sabuni mpaka povu lishuke na sabuni ibaki nzito, inamiminika kama asali. Alikoroga kwa mti mrefu uliolainishwa na viganja vyake, akizungusha upande mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Ukigeuza upande, alisema, sabuni inachanganyikiwa. Mizani hakuwa nayo. Chumvi alikadiria kwa kiganja, na povu alilisoma kwa macho kama mwalimu anavyosoma daftari. Povu kubwa kubwa linalopasuka haraka ni la sabuni iliyozidishwa maji na mtu mwenye tamaa. Povu dogo dogo, zito, linalokaa, ni la sabuni ya mtu anayemcha Mungu.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mjane, na kisukari alikuwa nacho mwaka wa kumi na moja. Aliishi na binti yake, msusi, aliyekuwa akisuka watu barazani tangu saa tatu asubuhi mpaka vidole vigome. Ng'ambo ya ua huohuo, mlango ukitazama mlango, aliishi wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wanawake hao walitumia choo kimoja na bomba moja, na ulikuwa mwaka wa pili hawajatumia salamu moja.

Ugomvi wao haukuwa wa kuokota. Zamani Mama Povu ndiye aliyekuwa akipeleka sabuni hospitalini, madumu kumi kila Jumanne, ya kufulia mashuka ya wagonjwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa oda yake kubwa na fahari yake. Wifi alipoachika akarudi nyumbani bila kazi, Mama Povu alimshika mkono akamfundisha yote: magadi yalowe muda gani, chumvi iingie lini, manukato yasubiri nini. Kisha Mama Povu akapata kidonda cha mguu, akalala majuma matatu. Akamwambia, "Wifi yangu, nenda unipelekee, nisije nikapoteza kazi." Wifi akaenda. Jumanne ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mguu ulipopona, Mama Povu akajifunga khanga yake nzuri, akafika hospitalini, akaambiwa kwamba jina lililoandikwa kwenye kitabu cha oda si lake tena.

"Waliniuliza nani ataleta bila kukosa," wifi alijitetea siku ile, mikono kiunoni. "Nikasema mimi. Ningesema nani? Wewe ulikuwa umelala."

"Nimelala kwa kupenda?"

"Sasa mimi ndiye niliyekupa kidonda?"

Jioni ile, kwenye foleni ya bombani, ndoo zikiwa zimepangwa na watu wote wanasikia, Mama Povu aliinua mkono juu. "Mungu ni shahidi wangu. Mguu wangu hautakanyaga lango la hospitali ile mpaka madumu ya huyu mwanamke yatoke mle ndani. Nimeapa."

Watu wakasema he! Wengine wakamwambia, Mama Povu, futa, kiapo si kitu cha bombani. Hakufuta.

Alikuwa mtu wa sala. Kila alfajiri aliwataja mbele za Mungu binti yake, wagonjwa, wafungwa na wasafiri. Tangu siku ile akaongeza mstari mmoja mwishoni, akiutamka polepole ili usikosewe: "Na wifi yangu, Ee Mungu, mwonyeshe." Hakumwambia Mungu amwonyeshe nini. Aliona hilo Mungu mwenyewe atajua, ila kama angeulizwa alikuwa na mapendekezo.

Ubaya ni kwamba kliniki ya sukari ilikuwa hospitali ileile, siku ileile ya Jumanne. Kwenda kupimwa ilikuwa ni kupita lango lile na kumkuta wifi akishusha madumu, ameinua kidevu. Basi hakwenda. Dawa za sukari alinunua dukani alipokumbuka, akameza alipokumbuka. Miguu ilipoanza kujaa jioni na kumuuma, alinunua na vidonge vya maumivu, viwili asubuhi, viwili jioni. Ulipita mwaka, ukafuata mwingine nusu.

Ndipo lilipoanza jambo la povu.

Asubuhi moja, kabla mtaa haujaamka, alikwenda chooni. Alipomaliza akatupia jicho kwenye sinki la choo kabla ya kumwaga maji, akaona povu. Halikuwa povu la kupita. Lilikuwa dogo dogo, zito, limekaa. Akasimama akihesabu kimoyomoyo. Povu la mkojo wa kawaida hufa kabla hujafunga khanga yako. Hili alihesabu mpaka sitini bado lipo. Akamwaga maji, likageuka, likabaki pembeni. Kesho yake, vilevile. Keshokutwa, vilevile.

Mtu mwingine angejiuliza juu ya mwili wake. Lakini huyu alikuwa mkoroga sabuni wa miaka ishirini, na povu lile alilijua. Lilikuwa povu la kazi yake mwenyewe.

"Ananiibia," alimwambia binti yake, akinong'ona kwa meno. "Anakuja alfajiri, anachota sabuni yangu kwenye pipa la kupumzishia, anajaza madumu yake. Halafu anasuuza chombo cha kuchotea chooni, ili asionekane bombani. Mabaki yanabaki kwenye sinki. Mimi nikijisaidia, yanapanda povu."

Binti alikuwa akichana nywele za bandia gotini. "Mama, mimi natumia choo hichohicho. Sijaona povu."

"Wewe unaamka saa mbili. Limeshakufa."

"Jana niliamka kabla yako."

"Jana hakuiba."

"Lakini jana wewe uliliona povu, si ulinisimulia mwenyewe?"

"Mwanangu, wewe umetumwa na nani?"

Binti akaendelea kuchana. Alijua mama yake akishamtia mtu hatiani, hata malaika wakija kutoa ushahidi wataulizwa wameletwa na nani.

Mama Povu akaanza kulinda. Alfajiri tatu alikaa kwenye kigoda nyuma ya mlango ulioegeshwa, jicho kwenye mapipa, rozari ya hasira moyoni. Wifi hakutokea. Lakini povu lilitokea kama kawaida. "Anapitia nyuma," akasema. Akasogeza mapipa. Povu likaendelea. Ndipo alipowaza mtego. Alikuwa na rangi ya bluu, ile ya kupendezesha sabuni, kijiko kimoja kinatosha pipa zima. Akaimwaga vijiko vinne kwenye pipa la kupumzishia, akakoroga mpaka sabuni ikawa kama wino wa shule. Mashuka meupe ya hospitali yatakapofuliwa kwa sabuni hii, aliwaza, kila mgonjwa ataamka na mabaka ya bluu mgongoni, na huyo mwizi atafukuzwa mbele ya umati. Usiku ule alilala usingizi mzuri kuliko miezi yote.

Alfajiri akaenda chooni na tochi. Povu lilikuwepo. Lilikuwa jeupe pee.

Alilitazama muda mrefu. Hapo ukweli ulikuwa umemjia mpaka mlangoni, umebisha hodi, na yeye akaukaribisha kwa kuufungia. "Amenusa mtego," akasema. "Ana sabuni ya akiba, aliyoiba mapema. Mjanja huyu, mjanja sana." Pipa zima la sabuni ya bluu likabaki pale, hakuna wa kulinunua, na hasira ikapanda daraja.

Bombani sasa alikuwa akisema wazi. "Kuna watu hapa wanafulia hospitali kwa sabuni ya wizi." Wanawake waliguna, wakageuza ndoo zao. Wengine waliamini. Neno lilimfikia wifi, naye akasimama mlangoni kwake akasema kwa sauti ya kutangaza, "Mwenye ushahidi alete. Sabuni si roho, inaonekana."

Alete? Angeleta.

Jumanne iliyofuata alitwaa mtungi mdogo wa kioo wenye kifuniko, ule wa kuwekea mbegu. Baada ya kujisaidia aliteka kwa kijiko kirefu yale maji yenye povu kutoka kwenye sinki la choo, akajaza nusu, akafunga. Alijua ndani mna mchanganyiko kidogo, lakini alichokitaka ni povu. Akafunika kwa kitambaa, akatia kapuni. Kuhusu kiapo, alikwisha kulipatanisha jambo hilo njiani: kiapo chake kilikuwa asikanyage lango mpaka madumu yatoke, na sasa alikuwa anakwenda kuyatoa hayo madumu. Mungu angeona mantiki.

Alifika saa nne. Nyuma ya wodi kulikuwa na chumba cha kufulia, sakafu yake imelowa siku zote, mashine mbili zikiunguruma na kamba ndefu za mashuka nje. Wifi alikuwa pale, amekwisha kushusha madumu saba, anashusha la nane. Mkuu wa dobi, mzee mwenye mabuti ya raba na sauti ya chini, alikuwa akiyahesabu kwa kidole. Karibu na dirisha, kijana wa maabara alikuwa amekuja kuchukua makoti yake meupe.

"Mzee wangu," Mama Povu akaanza, akiwa bado anahema, "shikamoo. Nimekuja na ushahidi. Sabuni anayokuletea huyu ni yangu. Ananiibia uani kwangu alfajiri, anasuuza chombo chooni. Mabaki haya hapa."

Akatoa mtungi, akautikisa mbele ya pua yake. Povu likapanda, dogo dogo, zito, likakaa.

"Marahaba, mama," alisema mkuu wa dobi, akirudi nyuma hatua moja. "Limetoka wapi hili?"

"Chooni."

"Chooni wapi, ndani ya choo?"

"Ndani ya sinki lenyewe. Nusa! Linuse uone kama si sabuni."

"Mama, mimi sinusi."

Wifi aliweka chini dumu la nane. Mdomo wake ulianza kuchezacheza. "Wifi," akasema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake baada ya mwaka na nusu, "hebu niambie. Hilo povu unaliona kabla ya kujisaidia, au baada?"

Mashine ya kufulia ikaguna ikasimama, kana kwamba nayo inasubiri jibu.

Kijana wa maabara aliweka makoti yake chini. Hakucheka. "Mama, una sukari?"

"Ninayo. Inahusu nini na wizi?"

"Nisubiri." Akaenda, akarudi na kikopo chenye vijiti vyembamba vya karatasi. Akachovya kimoja kwenye mtungi, akakishika juu kwenye mwanga, akalinganisha na rangi zilizochorwa kwenye kikopo. Kile kipande cha ncha ya kijiti kilichokuwa cha njano kilikuwa kimegeuka kijani, tena kijani cha kukolea. "Hii siyo sabuni, mama. Huu ni mkojo wako, na una protini nyingi. Figo zinavuja. Inabidi umwone daktari sasa hivi, mkojo safi wa kupima tutauchukua upya."

Wifi alicheka. Alicheka akashika ukuta, akacheka akakaa juu ya dumu. "Jamani! Mtu amebeba mkojo wake mwenyewe barabara nzima, kuja kunishitaki nao! Mzee, umeona? Na mimi nifungwe kwa mkojo wa wifi yangu!"

Mkuu wa dobi alijitahidi akashindwa, akageukia mashuka, mabega yakitetemeka.

Mama Povu hakujua miguu yake ilimfikishaje kwa daktari. Daktari alikuwa mwanamke kijana, umri wa binti yake, mwenye miwani iliyomteremka puani. Alimbonyeza mguu kwa kidole, kidole kikaacha shimo.

"Miguu imeanza kujaa lini, mama?"

"Tangu alipochukua oda yangu."

"Nani?"

"Basi, mwanangu. Mwaka na nusu."

"Na kliniki ulikuja lini mara ya mwisho?"

Daktari akaangalia kadi yake ya kliniki, akaiona tarehe mwenyewe. Akauliza juu ya dawa, akasikia habari ya vidonge vya maumivu, akaweka kalamu chini. "Viache leo. Hivyo vinaziumiza figo zaidi." Kisha, kwa kuwa alimwona mwanamke huyu amekaa wima kama aliyekuja mahakamani, akamweleza taratibu. Ndani ya figo kuna vichujio vidogo sana, laki kwa laki. Damu inapita pale, uchafu unashuka na mkojo, protini inabaki kwenye damu. Kichujio kikiharibika, protini inapita. Na protini ukiitikisa ndani ya maji inafanya povu.

"Nani amevitoboa?" aliuliza Mama Povu, kwa sauti ya mtu anayetaka jina.

"Sukari ndiyo iliyoanza. Ikiwa nyingi kwenye damu mwaka baada ya mwaka, inakwaruza vichujio. Lakini haikumaliza kazi peke yake. Walioisaidia ni askari wako mwenyewe."

"Askari gani?"

"Chembe nyeupe za damu. Chembe za figo zikikwaruzwa zinapiga yowe. Si sauti, ni kemikali zinazomwagwa kwenye damu. Askari wakisikia wanakuja mbio, wanapenya ukuta wa mishipa, wanaingia ndani ya figo kupigana."

"Basi wana haki," alisema Mama Povu. Ilimtoka haraka, na uso ukamchangamka kwa mara ya kwanza siku ile. "Mtu akukwaruze, nawe umwache? Wana haki kabisa hao."

Daktari akatabasamu. "Kuja wana haki. Tatizo hawaondoki. Kwa mtu mzima wa afya, mapigano yakiisha wapo askari wanaogeuka mafundi: wanafagia takataka, wanaziba nyufa, wanarudi kwao. Kwako sukari inakwaruza upya kila siku, kwa hiyo yowe linapigwa kila siku, na wanaopigana wanaita wenzao. Hata hiyo protini inayovuja, ikigusa mifereji ya figo, inawaita wengine. Wanamwaga sumu zao za kupigania, na sumu hazichagui. Figo inavimba ndani kwa ndani, huoni, husikii maumivu. Baadaye inabaki makovu. Na kovu, mama, halichuji kitu."

Mama Povu alitazama mikono yake iliyochubuliwa na magadi. "Sasa adui ni nani hapo? Sukari au askari?"

"Mwanzo sukari. Sasa ni wote wawili."

Akachukuliwa damu. Akapewa dawa ya presha, ambayo daktari alisema inapunguza nguvu ya damu inayogonga vichujio, na dawa nyingine ya sukari ambayo husaidia kuwatuliza hao askari. Akaambiwa arudi Jumanne ijayo kwa majibu, na Jumanne nyingine baada ya hapo. Aliuliza kama kliniki inaweza kuwa Jumatano. Daktari akasema haiwezi.

Habari ilimtangulia kufika mtaani. Jioni alipokwenda bombani na ndoo yake, foleni nzima ilikuwa inatazama chini kwa adabu ya watu waliobanwa na kicheko.

"Mama Povu," mmoja akashindwa kujizuia, "tuuzie lita moja, ile ya asubuhi!"

"Ile haina rangi ya bluu?" mwingine akadakia.

Na wifi, kutoka mlangoni kwake: "Mwacheni, jamani. Anatengeneza mwenyewe, hahitaji hata magadi!"

Aliacha ndoo palepale, akaingia ndani, akafunga mlango. Siku sita hakutoka isipokuwa chooni. Binti alimletea dawa, akazimeza, hilo hakubisha. Lakini kurudi hospitalini alikataa. "Nikapite mbele yake anicheke tena? Afadhali nife."

"Basi utakufa, mama," alisema binti. Akarudi barazani kwa mteja wake, akasuka huku akifuta macho kwa kiwiko.

Nyuma ya mlango, Mama Povu alikaa akipika kisasi. Alimpikia wifi kila aina. Atamwaga magadi kwenye maua yake. Atakwenda kumwonyesha kila mtu barua za talaka yake. Atamwambia mkuu wa dobi kwamba chumvi anayotia inapasua nguo, jambo ambalo lilikuwa na ukweli kidogo. Kila wazo lilimpasha moto kifuani kwa muda mfupi, kisha likapoa, akatafuta jingine. Alipopiga magoti alfajiri ya Jumatatu, akawataja wagonjwa, wafungwa na wasafiri, akafika kwenye mstari wa mwisho, "Na wifi yangu, Ee Mungu, mwonyeshe," ulimi ukagoma. Maana aliyeoneshwa alikuwa amepiga magoti pale pale kwenye mkeka. Alikuwa amemwita mtu mwizi mbele ya mtaa mzima, na mtu huyo hakuiba hata kijiko. Hilo angelipeleka wapi mbele za Mungu? Alibaki amepiga magoti mpaka yakafa ganzi.

Hilo lilimuuma. Lakini haki ya Mungu isemwe: si hilo peke yake lililomwinua. Lililomwinua lilimjia mchana, akiwa amelala anatazama bati. Aliuona msiba wake mwenyewe. Aliona viti vimepangwa uani, mapipa yake yamesogezwa yapishe watu. Na mbele kabisa, kwa kuwa ndiye mkubwa wa familia aliyebaki, alimwona wifi, amejifunga khanga mbili, analia kwa sauti ya kusikika mitaa mitatu: "Wifi yangu! Dada yangu wa damu! Aliyenifundisha kazi!" Watu wanampa pole. Watu wanamletea maji. Baada ya siku tatu anachukua mti wa kukorogea, ule uliolainika, anasema ni kumbukumbu.

Mama Povu aliketi kitako. "Hawezi," alisema kwa sauti. "Kunililia huyo? Hatanililia!"

"Mama?" binti aliita kutoka barazani.

"Nitafutie khanga yangu safi. Kesho nakwenda hospitali."

Jumanne kulikuwa na jua kali. Mbele ya lango wifi alikuwa ameegesha mkokoteni wa madumu, anafuta jasho, na wagonjwa wa kliniki walikuwa wamejipanga kwenye benchi la kivuli, wengi wao wa mtaa uleule. Alipomwona anakuja, polepole kwa miguu ile mizito, akaweka mikono kiunoni.

"Karibu, wifi! Leo umebeba mtungi, au umekuja na ndoo kabisa?"

Benchi zima likacheka. Mzee mmoja akakohoa kwa kicheko mpaka akapigwa mgongoni.

Mama Povu akasimama. Hakuinamisha kichwa. Aliwageukia walioketi, ndio waliosikia matusi yake bombani, akasema kwa sauti ileile aliyoapia. "Sikilizeni, ninyi nyote. Nilisema huyu ananiibia sabuni. Hakuniibia. Nilimsingizia, na mwenye aibu ni mimi. Na kiapo changu cha bombani nimekifuta. Mungu anisamehe vyote viwili."

Kicheko kilizimika kama moto uliomwagiwa ndoo. Wifi alitazama kulia na kushoto.

"Haya," alisema mwishowe. "Nimesikia."

"Sijamaliza." Sasa alimwangalia machoni. "Sabuni hukuniibia. Lakini oda yangu uliichukua nikiwa kitandani, kwa kazi niliyokufundisha mimi. Hilo sijakusamehe."

"Na mimi sijakusamehe kuniita mwizi."

"Sawa."

"Sawa."

Walisimama hivyo, uso kwa uso, wala hakuna aliyepisha, mpaka mlinzi akawaomba wasizibe lango. Wifi akashika mkokoteni wake. Mama Povu akaingia.

Daktari alikuwa na karatasi ya majibu mezani. Hakumficha. Figo zilikuwa zimebakiwa na kazi nusu. Iliyoungua haitarudi, alisema, lakini nusu iliyobaki inaweza kutunzwa miaka mingi, akija kila anapoitwa, akimeza kila alichoandikiwa, sukari ikitulia na presha ikishuka.

"Na hao askari?" aliuliza Mama Povu. "Wataondoka?"

"Watapungua. Polepole. Ukiacha kuwapa sababu ya kuja."

Alifikiri kidogo. "Mimi nisingeondoka," alisema. "Lakini sawa, tutajaribu."

Daktari akamwomba anyooshe mkono, akamfunga mkanda wa presha juu ya kiwiko. Dirisha lilikuwa wazi, linatazama njia ya kwenda kwenye chumba cha kufulia. Nje magurudumu ya mkokoteni yalianza kulia kwenye kokoto, na sauti ya wifi ikasikika akimwambia mtu aangalie mguu wake.

"Tulia sasa, mama, usiongee," alisema daktari, mkono kwenye pampu.

Mama Povu akamshika mkono. "Subiri kwanza, daktari. Subiri huyo apite."